Mguu Usiokuwepo Una Urefu Gani?

Tarehe 9 Agosti 2012, Olimpiki ya London, mchujo wa mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Mkenya Vincent Mumo Kiilu anakatisha mbele ya Ofentse Mogawane wa Afrika Kusini, wanagongana, na Mogawane anaanguka na kijiti chake. Kwenye eneo la kupokezana Oscar Pistorius amesimama akinyoosha shingo, akisubiri kijiti ambacho hakitamfikia. Miguu yote miwili aliyosimamia ni ya kaboni. Rufaa ya Afrika Kusini ilikubaliwa, Kenya ikaondolewa, na kesho yake Pistorius akamaliza mzunguko wa mwisho wa fainali. Timu yake ilishika nafasi ya 8.

Siku zile nilisikia watu wakisema mambo mawili. La kwanza: kijana huyu ana moyo wa ajabu, Mungu amzidishie. La pili: lakini yule si ana springi miguuni? Mara nyingi yote mawili yalitoka kinywani mwa mtu yuleyule, kwa pumzi moja, bila yeye kuhisi kwamba yanagongana. Nimekuwa nikiufuatilia mgongano huo tangu wakati ule. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba swali tunalolishabikia, yaani kama mguu bandia unampa mtu faida ama haumpi, limekaa vibaya tangu mwanzo. Chini yake kuna swali jingine, gumu zaidi, nalo ndilo lililoamua kesi kubwa ya mwisho.

Kwanza chombo chenyewe. Mwaka 1904, kwenye Olimpiki ya St. Louis, Mmarekani George Eyser alishinda medali 6 za jimnastiki kwa siku moja, 3 kati yake za dhahabu, akiwa na mguu mmoja wa mbao. Mbao haina mnyumbuliko. Ilikuwa mzigo tu, na mtu akishinda huku amebeba mzigo hakuna wa kumtilia shaka. Mambo yalibadilika pale Mmarekani Van Phillips, aliyepoteza mguu kwa ajali mwaka 1976, alipokataa miguu mizito aliyopewa na kutengeneza wake mwenyewe kwa nyuzi za kaboni. Ulitoka mwaka 1984. Baadaye likaja toleo la mbio, lenye umbo la herufi J, wazo lake likiwa limetoka kwenye mguu wa nyuma wa duma. Hauna kisigino wala kifundo. Ukiukandamiza kwa uzito wa mwili unapinda, na unapojinyoosha unakurudishia sehemu kubwa ya nguvu uliyoutia. Wanariadha huuita bledi.

Pistorius alizaliwa mwaka 1986 bila mfupa mwembamba wa muundi katika miguu yote miwili, na alikatwa chini ya magoti akiwa na umri wa miezi 11. Alipotwaa dhahabu ya mita 200 kwenye Paralimpiki, yaani michezo ya wenye ulemavu, ya Athens mwaka 2004, hakuna shirikisho lililomsumbua. Alisumbuliwa alipoanza kukimbia na wenye miguu yao na kukaribia muda wao. Machi 2007 Shirikisho la Riadha la Kimataifa, IAAF, lilitunga kanuni ya kukataza chombo chochote chenye springi au magurudumu kinachompa mtumiaji faida juu ya asiyekitumia. Novemba mwaka huohuo alipelekwa Cologne, Ujerumani, apimwe na Profesa Gert-Peter Brüggemann.

Majibu ya Cologne yalionekana mazito. Katika kasi ileile, Pistorius alitumia nguvu pungufu kwa takriban asilimia 25 kuliko wakimbiaji wenye miguu aliolinganishwa nao. Bledi ilipoteza chini ya asilimia 10 ya nguvu iliyotiwa ndani yake, wakati kifundo cha mguu wa mwanadamu, katika mwendo huo, kilipoteza kama asilimia 40. Januari 2008 akafungiwa. Miezi minne baadaye, Mei, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikamfungulia.

Watu wengi hudhani CAS ilisema bledi hazina faida. Haikusema hivyo. Ilisema IAAF haikuthibitisha. Vipimo vya Cologne vilichukuliwa akiwa tayari amefika kasi ya juu, kwenye mstari ulionyooka, yaani pale hasa ambapo bledi hufanya kazi vizuri kuliko popote. Mbio za mita 400 haziko hivyo. Zina mwanzo, ambapo mwenye miguu husukuma kwa misuli ya shavu la mguu na mwenye bledi hana cha kusukumia chini ya goti. Zina kuongeza kasi, zina kona mbili. Kama faida ya mita mia ya tatu inaliwa na hasara ya mita hamsini za kwanza, basi swali sahihi ni la jumla: ukizichukua mbio zote, mtu huyu yuko mbele au nyuma ya pale ambapo angekuwa? Hukumu ilimhusu yeye peke yake na aina ile ya bledi, na ilibaki wazi kwa ushahidi mpya.

Ushahidi mpya ukaja, na ukawagawa hata waliomtetea. Timu iliyompima upya kwa ajili ya rufaa ilikuwa na Hugh Herr wa chuo cha MIT kule Marekani, ambaye naye hana miguu yote miwili chini ya magoti, Rodger Kram wa Chuo Kikuu cha Colorado, na Peter Weyand. Mwaka 2009 Weyand alitoka hadharani na mwenzake Matthew Bundle kusema kwamba faida ipo na ni kubwa, kwa sababu bledi ni nyepesi mno: Pistorius aliweza kuurudisha mguu mbele kwa haraka kuliko wanadamu wenye kasi zaidi duniani. Wakakadiria kwamba kwenye mita 400 faida hiyo inazidi sekunde 10. Kram na Herr wakapinga. Walisema mkimbiaji mwenye miguu bandia analazimika kurudisha mguu haraka kwa sababu hawezi kuikandamiza ardhi kwa nguvu kama wengine. Yaani kinachoonekana kama faida ni njia ya mwili kufidia udhaifu.

Tuangalie vizuri, maana hapa ndipo fundo lilipo. Wataalamu hawa walikuwa wamempima mtu mmoja, katika maabara moja, na hawakubishania namba. Walibishania mlinganisho. Ili ujue bledi imempa Pistorius nini, unamhitaji Pistorius mwingine, mwenye mwili uleule, moyo uleule na mazoezi yaleyale, lakini mwenye miundi na vifundo vyake. Mtu huyo hajawahi kuzaliwa. Kila jibu lililotolewa tangu 2007 limemlinganisha mtu halisi na mtu wa kukisiwa. Mwenye mguu mmoja bandia husaidia kidogo, kwa kuwa mguu wake mwingine upo wa kulinganisha nao. Utafiti wa Alena Grabowski na wenzake, wa mwaka 2010, ulionyesha kwamba upande wa bledi uliikandamiza ardhi kwa nguvu pungufu kwa asilimia 9 hivi kuliko mguu wa asili. Tafiti za baadaye zikaonyesha kwamba kwenye kona, mtu ambaye bledi yake iko upande wa ndani hupunguza kasi zaidi kuliko yule ambaye ya kwake iko upande wa nje. Na kwa kuwa duniani kote tunakimbia kwa kupinda kushoto, kukatwa mguu wa kushoto na kukatwa wa kulia si jambo moja uwanjani.

Mwenye bledi mbili hana mguu wa kulinganisha. Hilo tulishike, tutalirudia.

Kabla ya hapo yupo Mjerumani Markus Rehm. Alipoteza mguu wa kulia chini ya goti akiwa na miaka 14, kwa ajali majini, na akasomea ufundi wa viungo bandia. Mchezo wake ni kuruka chini, yaani kuruka umbali, na anajirusha kwa mguu wa bledi. Julai 2014, mjini Ulm, aliruka mita 8.24 na kuwa bingwa wa Ujerumani mbele ya wenye miguu yao. Shirikisho la nchi yake lilimwachia taji lakini likakataa kumpeleka kwenye ubingwa wa Ulaya. Juni 2023 alifika mita 8.72. Dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo ilipatikana kwa mita 8.41.

Kwa Rehm mimi mwenyewe nasita, na nitasema kwa nini. Uchunguzi uliofanywa juu yake mwaka 2016 na watafiti wa Ujerumani, Marekani na Japani ulikuta kwamba bledi humchelewesha katika kukimbilia ubao wa kurukia, kisha humsaidia katika kujirusha. Kwenye mbio, bledi inagusa ardhi makumi ya mara, na hasara na faida zinachanganyika njiani. Kwenye kuruka chini kuna hatua moja inayobeba mchezo wote, na hatua hiyo Rehm anaikanyaga kwa kaboni. Mguu wa kibinadamu unapokanyaga ubao kwa kasi ile unapoteza nguvu nyingi kwenye kifundo na kano. Wake unairudisha. Hapo naona hoja ya kumpa kipimo chake mwenyewe ina uzito. Rehm mwenyewe aliwahi kuomba aruke pamoja na wengine bila matokeo yake kuhesabiwa, na hata hilo hakupewa: Julai 2021, siku chache kabla ya Tokyo, CAS ilikataa ombi lake. Uamuzi huo siuelewi. Mtu anayeomba kuruka bila kuchukua nafasi ya yeyote anamdhuru nani?

Jina la Rehm limeambatana na badiliko lililofanyika kimya mwaka 2015. Hadi hapo, aliyetaka kumfungia mwanariadha ndiye aliyebeba mzigo wa kuthibitisha. IAAF ikaugeuza: sasa mwenye mguu bandia ndiye athibitishe kwamba hana faida. Kwa macho ya haraka linaonekana badiliko la kiofisi tu. Lakini kumbuka tulikotoka. Wanasayansi waliobobea, wenye maabara na fedha, walishindwa kukubaliana kuhusu mtu mmoja. Sasa mzigo huohuo anatwishwa kijana mmoja mwenye kocha na deni la bledi. Kumtaka mtu athibitishe jambo ambalo sayansi yenyewe haijalikamata ni kumfungia mlango huku unamwambia kitasa kiko upande wake.

Aliyeugonga mlango huo ni Mmarekani Mweusi Blake Leeper, aliyezaliwa bila miguu chini ya magoti. Mwaka 2019 alifika fainali ya mita 400 ya ubingwa wa Marekani na kumaliza wa tano. Kesi yake ndiyo iliyolileta juu lile swali la chini, yaani urefu.

Kwenye Paralimpiki ya 2012 tayari lilikuwa limechungulia. Mbrazili Alan Oliveira alimshinda Pistorius mita 200 kwa sekunde 21.45 dhidi ya 21.52, na Pistorius akalalamika hapohapo mbele ya kamera kwamba bledi za mwenzake zilikuwa ndefu mno. Kesho yake aliomba radhi kwa kusema wakati ule, lakini hakufuta hoja. (Mwaka uliofuata Pistorius alimuua kwa risasi mpenzi wake, Reeva Steenkamp, na baadaye akahukumiwa kwa kosa la mauaji. Namtaja hapa kwa sababu kesi yake ya 2008 ndiyo msingi wa kila iliyofuata, si kwa sababu nyingine.)

Aliyepoteza mguu mmoja hawezi kudanganya urefu, kwa kuwa mguu uliobaki unamwumbua. Mwenye bledi mbili anaweza kuwa na urefu wowote ambao fundi atampa. Ndiyo maana Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki ina kanuni ya urefu wa juu unaoruhusiwa mtu asimame nao, na iliikaza kuanzia Januari 2018. Hesabu yake inachukua viungo vilivyopo, kama kiwiliwili, paja na mikono, na kukisia miguu isiyokuwepo ingekuwa na urefu gani. Kwa Leeper jibu lilitoka sentimita 174.4. Bledi alizokuwa akikimbilia zilimpandisha takriban sentimita 15 juu ya hapo.

Oktoba 2020 CAS iliamua mambo mawili kwa pamoja. Moja, kanuni ya kumtwisha mwanariadha mzigo wa kuthibitisha ni batili. Hilo lilikuwa pigo kwa shirikisho, na binafsi nililipokea kwa furaha. Pili, hata hivyo, shirikisho limethibitisha kwamba urefu wa Leeper unampa faida, kwa hiyo asikimbie. Mwaka uliofuata akarudi na bledi fupi zaidi kwa sentimita kadhaa, akakataliwa tena.

Mawakili wa Leeper walikuwa wameleta hoja ambayo ilipaswa kutusimamisha sisi wa upande huu wa dunia. Vipimo vya miili vilivyotumika kutengeneza ile hesabu vilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya na Asia. Watu wenye asili ya Afrika hawakuwemo. Na mwili wa binadamu haugawanyiki kwa uwiano mmoja kila mahali: kwa wastani, watu wenye asili ya Afrika wana miguu mirefu zaidi ukilinganisha na kiwiliwili chao. Ukipima kiwiliwili cha Mwafrika kisha ukakisia miguu yake kwa hesabu ya Mhispania au Mjapani, utampunguzia. Kwa kiasi gani, hapo ndipo pa kubishana, na CAS haikuridhika kwamba kulikuwa na ubaguzi. Inawezekana kabisa kwamba hata hesabu iliyofanywa upya kwa miili ya Waafrika isingemfikisha Leeper alikotaka, maana sentimita 15 ni nyingi. Lakini kumhukumu mtu kwa futi iliyoshonwa kwa mwili wa mwingine, kisha kusema futi haina kosa, ni jambo ambalo siwezi kulikubali hata pale ambapo matokeo yake yangekuwa yaleyale.

Kuna doa jingine. Maabara ya Grabowski kule Colorado ilichapisha mwaka 2020 utafiti juu ya wakimbiaji wachache wenye bledi mbili, ikibadilisha umbo, ugumu na urefu wa bledi zao. Kilichobadilisha kasi yao ya juu kilikuwa umbo. Urefu haukuwa na athari iliyoonekana. Ni sampuli ndogo, na siku zote itakuwa ndogo, kwa kuwa wakimbiaji wa namna hii ni wachache duniani. Ila inatosha kuonyesha kwamba hata jambo linaloonekana wazi kabisa, kwamba miguu mirefu ni kasi zaidi, halijasimama imara kama mahakama ilivyolichukulia.

Msomaji wa Kenya au Tanzania anaweza kuona mambo haya yako mbali. Hayako mbali. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia Vienna kwa saa 1:59:40 akiwa na viatu vya majaribio vyenye vibapa vya kaboni ndani ya soli. Kesho yake Chicago, Brigid Kosgei akavunja rekodi ya marathoni ya wanawake kwa saa 2:14:04, naye kwa viatu vya kaboni. Toleo la mwanzo la viatu vya aina hiyo lilipimwa Colorado na kuonekana kupunguza nguvu anayotumia mkimbiaji kwa asilimia 4 hivi, na mmoja wa waliopima ni Rodger Kram, yuleyule aliyempima Pistorius. Dunia ikapiga kelele kwamba Wakenya wanabebwa na viatu. Shirikisho lilifanya nini? Januari 31, 2020, likatunga kanuni: soli isizidi milimita 40, kibapa kisizidi kimoja, kiatu kiwe kimeuzwa madukani kwa miezi minne. Likakipima kiatu. Halikumwambia Kosgei athibitishe kwamba bila viatu vile angekimbia vilevile.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina ukweli ndani yake. Kiatu mpinzani wako naye anaweza kukivaa, bledi hawezi. Usawa wa kiatu unapatikana dukani. Lakini hilo halizuii kuifuata njia ileile: toa kanuni ya chombo, iwe wazi, itangazwe mapema, iseme umbo gani na urefu gani, kisha anayetimiza akimbie. Mkimbiaji anayekua aandikiwe urefu wake angali kijana, kabla hajawa tishio kwa yeyote, usije ukabadilishwa wakati wa medali. Hilo ni bora kuliko kusubiri mtu awe na kasi ndipo tuanze kumchunguza, kwa sababu namna hiyo tunamwadhibu kwa kushinda.

Ni kweli pia kwamba kwetu tatizo la kwanza bado halijafika CAS, kule Uswisi. Tazama medali za Paralimpiki za Afrika Mashariki. Abraham Tarbei wa Kenya na David Emong wa Uganda walizipata katika kundi la wenye ulemavu wa mkono. Samwel Mushai Kimani, aliyeshinda mita 1500 mjini Rio mwaka 2016, haoni. Wote wanakimbia kwa miguu yao. Bledi moja ya mbio hugharimu maelfu ya dola, hutengenezewa mtu mmoja, na kigutu kikibadilika hata kidogo kikombe chake, yaani sehemu kigutu kinapoingia, hakifai tena. Kipaji kilichopoteza mguu kwa ajali ya bodaboda hakifiki hata kwenye mchujo.

Lakini mafundi tunao. Chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kipo Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, tangu 1981, na kimefundisha vijana kutoka nchi nyingi za Afrika. Watu hao kazi yao ya kila siku ni kupima paja, goti na kigutu na kukisia mguu uliopotea ulikuwa wa kiasi gani. Ile hesabu ya urefu iliyomkosa Leeper inaweza kufanyiwa upya hapahapa: watu mia kadhaa wazima wenye miguu yao yote, wa Moshi, Eldoret, Gulu na Bukavu, wapimwe kiwiliwili, paja, mikono na muundi. Haihitaji maabara ya Cologne. Inahitaji futi ya fundi cherehani, daftari, na barua ya kupeleka majibu Bonn, yalipo makao makuu ya Kamati ya Paralimpiki.